Kijana wako yuko Marekani? Mwambie aandikishe jina lake

Mama mmoja wa mtaa wetu hapa Kalemie alinijia asubuhi moja, simu mkononi, kitenge kimefungwa haraka-haraka. Alikaa bila kungoja kukaribishwa. «Mwalimu, nisomee hii. Wanataka kupeleka mtoto wangu vitani.»

Kwenye simu kulikuwa picha ya barua. Mtoto wake wa tatu, mwenye miaka 19, anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, pamoja na baba yake mdogo. Walitoka Fizi, wakakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha wakapata bahati ya kupelekwa Marekani. Barua ilimkumbusha kijana kwamba mwanaume mwenye miaka 18 hadi 25 anayeishi Marekani anapaswa kuandikisha jina lake katika idara inayoitwa Selective Service. Hiyo ndiyo idara inayotunza orodha ya wanaume ambao nchi inaweza kuwaita jeshini siku vita vikubwa vikitokea.

Mama alikuwa amekwisha kujibu. Alinisikilizisha sauti aliyoituma usiku kwa WhatsApp: «Usisaini kitu. Pasua hiyo barua. Wakikuuliza, sema hukuipata.»

Sikumcheka. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa njiani na watu wenye silaha, akitoka shambani, akiwa na miaka 15. Hakurudi. Kwetu mashariki mwa Congo, mtu wa bunduki akiandika jina la kijana, mama anaanza kulia siku hiyohiyo. Hatukufundishwa woga huo na mtu. Mwaka 2012 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga kwa sababu ya watoto wa Ituri wenye umri chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini na kutumwa vitani. Bosco Ntaganda naye alihukumiwa mwaka 2019, na kosa hilo lilikuwa miongoni mwa mengi. Hao ni wawili waliofikishwa mbele ya majaji. Kila familia hapa inajua wengine ambao hawakufika.

Hata hivyo, shauri ambalo mama huyu alimpa mtoto wake lilikuwa baya. Ninaandika kwa sababu najua si yeye peke yake anayelitoa. Katika miaka kadhaa ya karibuni, Congo ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, kabla serikali ya huko haijasimamisha mpango huo mwezi wa Januari 2025. Watoto wetu wako Louisville, Phoenix, Houston, Grand Rapids na miji mingine mingi. Wengine waliondoka wakibebwa mgongoni na leo wana ndevu. Na kila siku wanapiga simu nyumbani kuuliza wazazi: nifanye nini?

Wazazi wanajibu kwa yale waliyoyaona Fizi, Masisi, Djugu au Beni. Wanajibu kwa upendo. Lakini jibu linalomwokoa kijana kwenye barabara ya Fizi linaweza kumharibia maisha kule Louisville.

Sheria ya Marekani inadai nini

Tuanze na mambo yenyewe, maana uvumi ni mwingi kuliko habari.

Kila mwanaume raia wa Marekani anapaswa kujiandikisha ndani ya siku 30 baada ya kutimiza miaka 18. Mgeni anayehamia huko akiwa na umri kati ya miaka 18 na 25 anadaiwa vilevile, ndani ya siku 30 tangu afike. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanapokosea. Wanasema: «Mimi si Mmarekani, jambo hili halinihusu.» Linakuhusu. Linamhusu mkimbizi, aliyeomba hifadhi, mwenye kadi ya kijani, mwenye uraia wa nchi mbili, na hata yule ambaye hana makaratasi. Anayesamehewa ni yule aliye huko kwa viza halali ya muda, kama mwanafunzi wa chuo au mtu aliyekwenda kutembea, wakati wote viza yake ingali halali. Wasichana hawaandikishwi.

Kujiandikisha hakulipiwi. Kunafanyika kwa intaneti, au kwa fomu inayopatikana posta, na katika majimbo mengi kunafanyika wakati kijana anapoomba permi ya kuendesha gari. Mkimbizi anayeomba kadi ya kijani akiwa katika umri huo, jina lake hupelekwa kwenye idara hiyo kupitia maombi yenyewe. Kwa hiyo inawezekana mtoto wako amekwisha kuandikwa bila kujua. Anaweza kuhakikisha mwenyewe kwenye tovuti ya idara hiyo. Fomu haimuulizi ana makaratasi gani ya uhamiaji.

Kuna jambo jingine dogo ambalo vijana wetu hulisahau: ukihama nyumba kabla ya kufikia miaka 26, unapaswa kujulisha anwani yako mpya ndani ya siku 10. Na nani huhamahama kama mkimbizi? Leo yuko kwa shangazi Kentucky, kesho amefuata kazi ya kiwanda cha nyama Iowa.

Kuandikwa si kuitwa

Sasa tuje kwenye kile ambacho mama yule alikisoma katika barua ingawa hakikuandikwa humo: kwamba mtoto anapelekwa vitani.

Marekani haijamlazimisha mtu kuingia jeshini tangu mwaka 1973. Mwaka ule, vita vya Vietnam vikielekea mwisho kwa upande wao, waliacha kuita vijana kwa nguvu ya sheria na kuunda jeshi la watu wanaojitolea na kulipwa mshahara. Mwaka 1975 hata kuandika majina kulisimamishwa. Kulirudishwa mwaka 1980 na Rais Jimmy Carter, baada ya jeshi la Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan. Tangu hapo wanaume waliozaliwa kuanzia 1960 wameandikwa kizazi kwa kizazi. Marekani imepigana Iraki mara mbili, imepigana Afghanistan miaka 20, na hakuna hata mmoja aliyechukuliwa kutoka kwenye orodha ile. Waliokwenda walisaini mkataba wa jeshi wenyewe. Hiyo ni karatasi nyingine kabisa.

Ili orodha itumike, Bunge la Marekani lingepaswa kwanza kupitisha sheria, na rais aitie saini. Kisha kungefanyika bahati nasibu mbele ya watu wote, tarehe za kuzaliwa zikichotwa moja moja. Wangeanza na vijana wanaotimiza miaka 20 mwaka huo, wakifuatwa na wa 21, mpaka 25, na mwisho wale wa 19 na 18. Aliyeitwa angepimwa afya kwanza. Angekuwa na haki ya kueleza sababu zake mbele ya kamati ya raia wa eneo lake: kwamba familia inamtegemea, kwamba anamaliza masomo, au kwamba imani na dhamiri yake hazimruhusu kuua. Mipango ya idara yenyewe inasema askari wa kwanza wangefikishwa jeshini ndani ya siku 193 tangu Bunge na rais waamue. Ni zaidi ya miezi sita. Linganisha na namna ambavyo kijana anachukuliwa kwetu: dakika tano, jua likizama, na hakuna anayeuliza ana miaka mingapi.

Sisemi kwamba siku hiyo haiwezi kufika. Anayekuahidi kwamba Marekani haitaita vijana wake tena anakuahidi kitu kisicho mikononi mwake. Ninachosema ni kwamba barua aliyopata kijana wa Louisville haimwiti popote. Inamwomba jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani.

Uvumi nao tuufahamu. Mwezi wa Januari 2020, Marekani ilipomuua jenerali wa Iran Qassem Soleimani, tovuti ya Selective Service ilizidiwa na watu waliokimbilia kuuliza kama wanaitwa vitani. Siku zilezile ujumbe wa uongo ulisambaa katika simu za vijana ukisema wamekwisha kuitwa, na jeshi la Marekani likalazimika kutangaza kwamba ujumbe huo haukutoka kwake. Kama Wamarekani waliozaliwa huko walidanganywa na ujumbe wa simu, mama wa Kalemie anayepata habari kupitia sauti za WhatsApp atajilinda namna gani?

Bei ya kukaa kimya

Kwa maandishi, adhabu ni kali: kutojiandikisha kwa makusudi ni kosa la jinai, linaloweza kuleta kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Lakini kwa miongo mingi hakuna aliyepelekwa mahakamani kwa kosa hili. Mashtaka machache yaliyofanyika yalikuwa katika miaka ya 1980, na yakaishia hapo. Vijana wengine husikia hilo na kusema: «Basi hakuna kitu.»

Kitu kipo. Polisi hatakuja kugonga mlango, ni kweli. Ila mlango utafungwa siku ambayo wewe unagonga. Aliyekataa kujiandikisha hawezi kupata kazi nyingi za serikali kuu ya Marekani. Hawezi kuingia katika baadhi ya mafunzo ya ufundi yanayolipwa na serikali hiyo. Majimbo kadhaa yanamnyima kazi ya Leta ya jimbo, msaada wa masomo wa jimbo au permi. Zamani alinyimwa pia msaada wa masomo wa serikali kuu. Sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya mwishoni mwa 2020, na ni vizuri kwa sababu liliwaumiza zaidi maskini.

Kwa mkimbizi kuna hasara iliyo kubwa kuliko hizo zote: uraia. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inamuuliza mwanaume wazi kama alijiandikisha. Akiwa chini ya miaka 26 na hajafanya hivyo, anaweza kusahihisha. Akifikisha miaka 26, mlango wa kujiandikisha unafungwa, haufunguliwi tena. Tangu hapo mpaka karibu miaka 31, akiomba uraia, anapaswa kueleza na kuthibitisha kwamba hakukataa kwa makusudi, kwamba hakujua. Maombi yanaweza kukataliwa.

Hapo ndipo sauti ile ya WhatsApp inakuwa hatari. Kijana ambaye hakujua ana la kujieleza. Kijana aliyepata barua, akaambiwa na mama yake aipasue, akaipasua, alijua. Atasema nini mbele ya afisa, baada ya kuapa kusema ukweli? Atamdanganya afisa wa uhamiaji? Hilo nalo ni kosa, tena linaloweza kumgharimu hata uraia aliokwisha kuupata.

Tufikirie maana ya uraia kwa mtu aliyezaliwa kambini. Hana cheti cha kuzaliwa cha Congo. Tanzania ilimwita mkimbizi miaka yote. Pasi ya Marekani ndiyo karatasi ya kwanza maishani mwake itakayosema kwamba yeye ni mtu wa nchi fulani. Ndiyo inayompa haki ya kupiga kura, na nafasi ya kumwombea mama yake aende akamwone. Mama aliyesema «pasua» alikuwa anapasua, bila kujua, njia yake mwenyewe ya kumfikia mtoto.

Lakini je, ni haki?

Msomaji mmoja ataniuliza: kwa nini mtu aliyekimbia vita aandikwe kwenye orodha ya vita ya nchi nyingine, tena nchi ambayo bado haimruhusu kupiga kura? Swali ni zuri, na sitalikwepa.

Vietnam ilionyesha ubaya wa jambo hili. Kati ya 1964 na 1973, zaidi ya vijana milioni 1.8 wa Marekani waliitwa kwa lazima. Wageni wenye makaazi ya kudumu nao walikuwemo kati ya waliodaiwa. Na mzigo haukuwa sawa kwa wote. Kwa miaka mingi, aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa. Na aliyekuwa chuo kikuu kwa kawaida alikuwa mtoto wa mwenye nafasi. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda, wa mkulima, wa mtu mweusi wa mtaa wa maskini, alikwenda. Zaidi ya Wamarekani 58,000 walikufa katika vita vile, na wananchi wa Vietnam waliokufa ni wengi zaidi mara nyingi. Ni hasira ya wananchi, pamoja na uchovu wa vita, iliyowalazimisha wakubwa kuanzisha bahati nasibu Desemba 1969, kisha kuacha kabisa kuita vijana.

Kuna ubishi mwingine usioisha kuhusu wanawake. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuandika wanaume peke yao hakuvunji katiba, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kwenye mapigano. Sababu hiyo haipo tena: tangu mwisho wa 2015 kazi zote za jeshi zimefunguliwa kwa wanawake. Tume iliyoundwa na Bunge ilipendekeza mwaka 2020 wanawake nao waandikwe, Bunge halijakubali. Wapo pia Wamarekani wanaotaka orodha yote ichomwe moto, wakisema ni mzigo wa bure wa zamani.

Kwa hiyo sisemi sheria hii ni nzuri kila upande. Mimi binafsi naona ni vibaya kumbebesha kijana wa miaka 18, aliyefika jana kutoka Nyarugusu, wajibu wa kujua sheria ambayo hakuna aliyemweleza kwa lugha yake, kisha kumhukumu miaka minane baadaye anapoomba uraia. Mashirika yanayowapokea wakimbizi yanawafundisha namna ya kupanda basi na namna ya kutumia jiko la umeme. Yangeweza kutumia dakika kumi kueleza jambo hili kwa Kiswahili, kwa Kibembe, kwa Kinyamulenge. Na makanisa yetu kule, ambayo hujaa kila Jumapili, nayo yangeweza.

Lakini kupinga sheria ni jambo moja, kujificha ni jingine. Mfano bora tunao, na Wakongomani wanamfahamu vizuri. Muhammad Ali, yule aliyempiga George Foreman Kinshasa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, alikuwa mtoto wa Louisville, mji uleule anamoishi kijana wetu. Alipofikisha miaka 18, jina lake liliandikwa kwenye orodha ya Louisville, kama wenzake wote. Alipoitwa kwenda Vietnam, hakutoroka, hakujificha. Tarehe 28 Aprili 1967, kule Houston, alisimama mbele ya maafisa wa jeshi na kukataa kupiga hatua mbele jina lake lilipotajwa. Alisema dini yake haimruhusu. Walimnyang'anya mkanda wa ubingwa, wakamhukumu miaka 5 na faini ya dola 10,000, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana ngumi, katika umri wake bora. Alikata rufaa, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ilifuta hukumu ile. Miaka mitatu baadaye alikuwa kwetu, na umati wa Kinshasa ukimshangilia.

Ali alishinda kwa sababu alikuwa na faili. Jina lake lilikuwepo, maombi yake yalikuwepo, majibu waliyompa yalikuwepo, na majaji waliweza kuyasoma. Kijana aliyepasua barua hana faili. Hana hata pa kuanzia kulalamika. Anayeamini kwa dhati kwamba hawezi kushika silaha, anapaswa kujiandikisha kwanza. Nafasi ya kueleza imani yake inakuja siku atakapoitwa, kama ataitwa.

Mambo yanabadilika, lakini usingoje

Desemba 2025, Rais Donald Trump alitia saini sheria ya ulinzi ya mwaka wa 2026. Ndani yake Bunge limeagiza Selective Service ianze kuandikisha wanaume yenyewe, kwa kutumia taarifa zilizoko katika idara nyingine za serikali, na likatoa muda wa mwaka mmoja kuandaa kazi hiyo. Maana yake, kidogo kidogo wajibu unatoka mabegani mwa kijana na kwenda kwa serikali.

Kuna wanaofurahi: hakuna tena atakayenyimwa uraia kwa kusahau karatasi. Kuna wanaoogopa: serikali inayokusanya majina ya watu kutoka kila ofisi inaweza kuyatumia kwa mambo mengine, hasa siku hizi ambapo wageni wanafuatiliwa sana. Wote wawili wana sababu.

Kwa familia zetu, shauri langu ni rahisi. Msikae mkisema «sasa watajiandikia wenyewe.» Sisi tunajua makaratasi ya mkimbizi yalivyo. Jina limeandikwa namna moja kambini, namna nyingine uwanja wa ndege. Tarehe ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari kwa nusu ya kambi nzima, kwa sababu aliyekuwa akiandika hakuwa na muda wa kuuliza. Mashine itakayotafuta jina la mtoto wako inaweza kumkosa, au kumwandika mara mbili. Kijana mwenye umri huo ahakikishe mwenyewe kama yumo, na ahifadhi uthibitisho pamoja na kadi yake ya kijani. Na yule ambaye amekwisha kupita miaka 26 bila kujiandikisha asikimbilie kuandika uongo kwenye fomu ya uraia: aombe idara impe barua inayoeleza hali yake, na atafute avoka anayejua mambo ya uhamiaji. Wapo wanaosaidia wakimbizi bila malipo.

Na sisi tuliobaki

Nimalizie nyumbani, kwa sababu mama yule alipokuwa anainuka aliniuliza swali ambalo limebaki kwangu: «Mwalimu, kwa nini kule wanaandika barua na hapa wanachukua tu?»

Si kwamba hatuna sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 63, inasema kulinda nchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba huduma ya jeshi ya lazima inaweza kuanzishwa kwa masharti yatakayowekwa na sheria. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inakataza kuingiza mtoto yeyote chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi chenye silaha. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mtoto wa shangazi yangu hakuyaona njiani. Aliona bunduki.

Tena si jambo la jana. Babu zetu walichukuliwa kwa Force Publique wakati wazungu walipodai kwa kila chifu idadi ya vijana, na chifu akatoa watoto wa wasio na nguvu, akaficha wa kwake. Toka wakati ule, kwetu neno «kuandika jeshini» limebaki na maana ya kuporwa mtoto.

Vita hivi vikizidi kurefuka, siku moja wabunge wa Kinshasa wanaweza kuketi kuzungumzia huduma ya jeshi ya lazima. Wengi watapiga makofi. Siku hiyo nitataka kuwauliza mambo machache, niliyojifunza kwa kusoma barua ya kijana wa Fizi anayeishi Kentucky. Umri ni upi, na nani atauhakikisha kwa vijana wasio na cheti cha kuzaliwa? Orodha itakaa wapi, na nani atairuhusu itumike? Anayekataa kwa ajili ya imani yake ataongea mbele ya nani? Mama atajua mtoto wake yuko kambi gani? Na mtoto wa mheshimiwa, anayesoma Bruxelles, jina lake litachotwa kutoka kwenye chombo kilekile na la mtoto wa muuza dagaa wa Kalemie? Bila majibu ya maswali hayo, lolote litakalopitishwa litakuwa kutekwa njiani, ila sasa litakuwa na mhuri.

Mama alituma sauti nyingine mchana ule, akiwa amekaa pale kwangu. Ilikuwa fupi. Alimwambia mtoto asaini, apige picha ya uthibitisho, amtumie. Halafu akaongeza kwa Kibembe maneno ambayo sikuyaelewa yote, isipokuwa jina la yule mkubwa wake aliyechukuliwa njiani. Picha ilifika baada ya siku mbili. Ameihifadhi kwenye simu, pamoja na zile za ubatizo.